Meza Tuliyoisawazisha Wenyewe: Kumuaga Katibu Dorcus Aluoch

Dorcus Aluoch, Katibu wa tawi letu la chama cha wafanyakazi hapa Shamba la Chai la Kipsangwet, alistaafu Ijumaa tarehe 28 Machi 2025. Ametumikia majani kwa miaka thelathini na minne, na katika hiyo amelitumikia tawi miaka kumi na tisa. Tawi nalo lilistaafu siku hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba lenyewe halikuwa limefikisha umri.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike kitu kifupi cha kuchangamsha, kisomwe hapa ukumbini kabla chakula hakijapoa. Mimi ni Noah Kiptanui, karani wa mizani. Mizani yenyewe siku hizi inajisomea na kujiandikia, kwa hiyo nafasi ya kuandika ninayo. Kuchangamsha ndiko sina hakika nako. Nitajaribu, na nikishindwa, pilau itanisaidia.

Alifika Kipsangwet mwaka 1991 akitokea Nyakach, binti yake Winny akiwa mgongoni na sanduku la bati kichwani. Siku ya kwanza alimsalimia nyapara kwa Kijaluo, nyapara akamjibu kwa Kipsigis, na kila mmoja akaenda zake akidhani ametukanwa. Mwaka haukuisha kabla hajaanza kuzungumza Kipsigis chenye lafudhi ya ziwani, kiasi kwamba hata ng'ombe wa Boito waligeuka kumtazama. Akisalimia "Chamgei" kutoka upande wa pili wa bonde, ulijua ni Mama Winny kabla hujaiona leso yake.

Aliyempokea kazini ni marehemu Mama Onchiri, mchumaji mkongwe aliyekuwa anakaribia kurudi kwao Kisii. Hapa ni lazima nieleze jambo kwa wageni wetu ambao chai wanaijulia kwenye kikombe. Mchumaji hatembei na mikono mitupu. Ana kikapu mgongoni na ana ufito, kijiti kirefu kilichonyooka. Ufito huo anaulaza juu ya michai: jani lililo juu yake ni la kuchumwa, lililo chini linaachwa likue. Kwa njia hiyo uso wa michai unabaki sawa, na uso huo sisi tunauita meza. Meza ya mchumaji ni kama sebule yake. Ikienda mawimbi, majirani wanamsema.

Na ufito una mila yake. Haupelekwi nyumbani. Anayestaafu anamkabidhi yule anayerithi mistari yake ya michai, mbele ya wenzake, na wenzake wanapiga vigelegele. Mama Onchiri alimkabidhi Dorcus ufito wake, na tangu siku hiyo Dorcus alisema neno moja ambalo kila aliyefanya kazi naye amelisikia: kwamba naye atatoka hapa akiwa amemkabidhi mtu. Alipochaguliwa katibu, neno hilo likawa na uzito zaidi. Sasa alikuwa na ufito wa kukabidhi na tawi la kukabidhi. Hakuomba kitu kingine. Hata sanamu yake asingeitaka, labda iwe ya kuanikia nguo.

Tukumbuke mazuri kwanza, maana yapo. Aproni za plastiki mnazovaa mvua ikinyesha, wale mliobaki mnazivaa, zilipatikana kwa mdomo wake. Zamani sisi wa mizani tulikuwa tunakata uzito wa majani kila siku ya mvua kwa kisingizio cha maji, na tulikata kwa mkono wa ukarimu. Siku moja Dorcus aliwapanga wanawake wote mbele ya mizani yangu, vikapu vikiwa mgongoni, mvua ikiwapiga, wakakataa kupima na wakakataa kuondoka. Walinitazama tu. Niliwahi kung'atwa na mbwa wa meneja, na nakiri mbwa alikuwa na huruma zaidi. Meneja alitoka na mwavuli, akarudi ndani, akatoka tena, na desturi ya kukata maji ikaishia pale.

Halafu kuna mgomo wa kupindua vikapu. Huku kwetu mgomo hauanzi kwa hotuba. Unaanza kwa kikapu kulazwa kifudifudi kando ya njia, na anayekiona anapindua chake. Mwaka ule vikapu vilipinduliwa kutoka lango la kiwanda hadi barabara ya Boito, na mpishi wa meneja, Mungu amweke, alipoona hivyo alipindua sufuria. Meneja alikula mkate na chai ya rangi mpaka mkataba wa pamoja wa chama na kampuni ukatiwa sahihi. Ndizo siku tulizokuwa watu.

Sasa niingie kwenye uchumi, kwa sababu huwezi kumuaga Dorcus bila kuutaja.

Uchumi uliugua. Hilo hatulibishi. Ugonjwa ule wa barakoa ulifunga nchi, bei ya chai mnadani ikalala, na redioni kila asubuhi tulisikia hali ya mgonjwa. Serikali ikaja na mpango wa kumfufua. Viongozi wetu wa kitaifa waliitwa Nairobi wakaketi meza moja na mawaziri na waajiri, wakatoka wakitabasamu. Nyongeza ya mshahara tuliyokwisha kukubaliana iliahirishwa, tukaambiwa ni sadaka yetu kwa taifa. Mashine za kilimo zikaondolewa ushuru, tukaambiwa ni za kuwasaidia wakulima. Waajiri wakaruhusiwa kuchukua watu kupitia makontrakta, tukaambiwa ni kwa muda. Sisi wa matawini tuliitwa semina katika hoteli moja mjini Kericho. Tulikula sambusa, tukapewa mikoba yenye maandishi ya kufufua uchumi, tukarudi nyumbani tukijiona tumeshiriki. Mkoba wangu bado ninao. Ninabebea mbolea.

Muda mfupi baadaye akaja afisa wa mpango ule, kijana mwenye gambuti mpya zisizojua tope. Yeye na meneja wakatangaza shindano la Meza Bora. Wakasema soko la dunia linataka ubora, na ubora unaanzia kwenye meza iliyosawazika. Shamba zima lisawazishwe, mistari yote, hata ile ya kwenye miteremko ambayo miaka yote tuliisamehe. Mshindi angepata zawadi na kupigwa picha na mkubwa kutoka wizarani.

Nataka ieleweke kwa nini Dorcus alikubali, kwa kuwa wako walioishi wakimsema bila kujua. Hakuhongwa. Alikubali kwa kiburi cha kazi, kiburi kile kile alichorithi kwa Mama Onchiri, na sisi sote tulikuwa nacho. Kwenye mkutano wa tawi alisimama akasema, "Wananiangalia mimi, mimi naangalia nyinyi. Tukiwaonyesha kazi safi namna hii, ni nani atatuguza?" Tulipiga makofi. Mimi nilipiga hadi viganja vikawasha.

Kwa msimu mzima tulisawazisha. Dorcus alitembea mstari kwa mstari na ufito wake, akionyesha matawi magumu ya kuvunjwa na mabonde ya kuachiwa yajae. Eucabeth Nyabate, rafiki yake wa mistari ya jirani, alikuwa anampa mbio, na wawili hao walitaniana kuanzia umande hadi jua kali. Shamba lilipendeza. Ukisimama juu, karibu na tangi la maji, uliona kijani kimelala sawa kuanzia huku hadi mtoni bila kunyanyuka wala kuzama.

Jirani yetu Kiplimo, mkulima mwenye chai yake ya ekari mbili upande wa pili wa ua, alituangalia wiki nyingi akiwa ameegemea jembe. Siku moja akauliza, "Nyinyi watu, hiyo kitanda mnatandikia nani?"

Tulimcheka. Meza yake ilikuwa kama mgongo wa punda, tukamwambia aende akatandike yake.

Dorcus ndiye aliyeshinda. Alipewa blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu, limefungwa kwenye nailoni, akapigwa picha. Majani hayakuwa yamechumwa mara tatu tangu picha ile, lori likaingia na mashine.

Wengi mnazijua. Watu wawili wanashika huku na huku, bledi inapita juu ya michai na majani yanarukia kwenye mfuko. Kazi ya wanawake wengi inaisha kabla ya chai ya saa nne. Na mashine hizo zina aibu moja tu: haziwezi meza ya mawimbi. Penye kilima zinakata miti, penye bonde zinapita hewani. Zinataka meza iliyosawazika. Siku ile ziliteleza kutoka juu hadi mtoni bila kukwama popote, na afisa wa gambuti akampongeza Dorcus kwa mkono. Alimshukuru kwa kutayarisha shamba.

Nilikuwa karibu nikamwona uso. Sitauelezea.

Shamba la kampuni nyingine ya jirani, ambalo wafanyakazi wake walijulikana mpaka Silibwet kwa uvivu, lilikuwa na meza za aibu. Mashine zilijaribiwa huko zikashindwa, wavivu wale wakabaki kazini miaka miwili zaidi. Sisi wenye bidii tulitangulia kupunguzwa. Wakubwa wetu walitufundisha kwamba mtu hulipwa kwa jasho lake, na kwa kweli tulilipwa.

Eucabeth Nyabate alikuwa kwenye kundi la kwanza. Siku anaondoka, godoro likiwa limekwisha kupakiwa, alimwendea Dorcus, na sisi tulidhani wanakwenda kukumbatiana. Akamuuliza, "Katibu, hiyo blanketi inaleta joto?" Kisha akapanda gari. Hawajaonana tena. Dorcus hakulifungua blanketi lile hata siku moja. Aliliweka juu ya kabati la ofisi ya tawi likiwa na nailoni yake, na tulipomwambia alitoe alisema liache lituangalie.

Mtu mwingine angejiuzulu akaenda kulima mtama. Yeye alibaki, na hapa ndipo ninapomheshimu kuliko kwa zile aproni. Mashine zilishikwa na vijana wa kontrakta, na Dorcus akasema sawa, basi hao ndio wafanyakazi wa leo, nao waingie chamani. Aliwafuata mashambani, kambini na hata kanisani. Kontrakta akawaambia atakayejiandikisha asirudi Jumatatu. Tukaenda kwa kampuni, kampuni ikasema hao si watu wetu, ni wa kontrakta. Tukaenda kwa afisa wa kazi, akatuambia tuwe na subira kwa sababu uchumi bado una nafuu ndogo.

Halafu ikaja hesabu ya nusu. Sheria inasema mwajiri atakitambua chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake. Kampuni ikahesabu, na safari hii ikawahesabu vijana wa kontrakta pamoja nasi. Kwa hiyo siku ya kututoa walikuwa wafanyakazi wa shamba, na siku tuliyotaka kuwaandikisha walikuwa wageni. Mwenye kuelewa anieleweshe. Chama kikapoteza kutambuliwa, mkataba wa pamoja ukafa kifo cha kawaida, na ada zilizokuwa zinakatwa kwenye mishahara zikakoma. Makao makuu ya chama Nairobi walitutumia pole. Walisema pia kwamba tawi litafungwa katibu atakapostaafu, kwa heshima yake. Ni heshima ambayo ningependa kumpa adui.

Wakati huo huo redio ilitangaza kwamba uchumi umefufuka. Sisi Wakristo tunajua ufufuo, na tunajua kwamba kaburi huachwa wazi. Huu wetu uliacha kaburi na watu ndani yake.

Nifike mwisho, kwa sababu naona masufuria yanafunuliwa.

Mwezi wa pili mwaka huu, kampuni ilitangaza tena Meza Bora. Safari hii washindani ni vijana wa mashine. Meza zisawazishwe zaidi, njia kati ya mistari zipanuliwe, vichaka vya pembeni ving'olewe. Afisa alikuwa mwingine lakini gambuti zilikuwa mpya vile vile. Kiongozi wa kikosi bora ni Chelimo, binti wa hapa hapa, mwenye mikono ya chuma na kicheko cha kukaribisha mvua. Yeye na wenzake walianza kazi kwa nguvu.

Dorcus alikuwa amebakiza wiki chache. Aliwafuata wakati wa chakula akakaa nao chini kwenye nyasi, akawasimulia yote: shindano, picha, lori, Eucabeth. Hakujipunguzia lawama. Akawaomba waache kusawazisha, waulize kwanza njia pana ni za nini, kisha wajiandikishe wote kwa pamoja, kontrakta hawezi kumfukuza kila mtu siku moja. Chelimo alimsikiliza kwa adabu yote.

"Mama, pole kwa hayo," akasema. "Lakini nyinyi mlikuwa mnachuna na mkono. Sisi ndio tuko na machine. Nani sasa atatutoa?"

Wakasawazisha. Walisawazisha kuliko sisi, na hilo nalisema kwa uchungu maana sikudhani linawezekana. Chelimo alishinda. Zawadi ilikuwa blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu. Bila shaka waliyanunua kwa jumla.

Jumatano ya wiki ya mwisho ya Dorcus, lori liliingia tena. Lilishusha mashine kubwa yenye magurudumu, inayopanda juu ya mistari na kuchuma ikitembea, mtu mmoja ameketi kitini. Njia zilizopanuliwa zilitosha magurudumu yake barabara. Dereva alikuja nayo.

Ijumaa nilikuwa ofisi ya tawi nikimsaidia Dorcus kuteremsha kibao cha mlangoni. Ofisi hiyo kuanzia Jumatatu ni stoo ya mafuta ya mashine. Chelimo akaja na kikosi chake, blanketi kwapani, bado liko kwenye nailoni. Hakucheka. Alisimama mlangoni akasema, "Katibu, tumekuja kuingia kwa union."

Nilimtazama Dorcus. Miaka yote ile alimsubiri mtu aseme maneno hayo, na yakaja siku ambayo chama hakina tawi, tawi halina mlango, na vijana wenyewe hawana kazi baada ya mwisho wa mwezi. Nilimngojea aseme, "Nilikuambia." Mimi ningesema. Ningesema mara mbili.

Yeye alichukua lile blanketi kwapani mwa Chelimo, akaliweka juu ya kabati karibu na lake. Akawaambia waketi. Kisha akauchukua ufito wake uliokuwa umeegemea ukutani, ule wa Mama Onchiri, na mimi nikajua ninachokiona: wakati wa kukabidhi umefika, mrithi amepatikana, japo kwa kuchelewa. Hata vigelegele nilikuwa nimevitayarisha kooni. Chelimo naye alijua mila. Alinyoosha mikono miwili kuupokea.

Dorcus aliuvunja gotini. Aliuvunja tena vipande vidogo, akavitia kwenye jiko la ofisi chini ya birika. "Huu umenyoosha ya kutosha," akasema. "Sitawapatia nyinyi huu."

Ufito wa miaka mingi unawaka vizuri. Chai ikachemka, tukanywa sote, na tangu saa nane hadi mlinzi alipokuja kutaka ufunguo, Dorcus aliwafundisha namna ya kuitisha mkutano: nani azungumze kwanza, nani akae karibu na mlango, namna ya kumjua mpelelezi wa meneja, na kwa nini wapokee zawadi yoyote wakiwa wamesimama wote. Chelimo alirudia kila neno. Kama kitaota kitu, sijui. Sisi wa chai tunajua kwamba si kila mche unaoshika.

Katibu, kwa niaba ya waliobaki, waliopunguzwa, na Eucabeth Nyabate ambaye tulimwalika na hajafika, tunakushukuru. Asante kwa aproni, kwa mvua ya pale mizani, kwa vikapu vilivyopinduliwa mpaka barabarani. Na kwa kosa lile hatukusamehe, kwa sababu lilikuwa letu sote na hakuna aliyebaki wa kulisamehe.

Nenda salama Nyakach, Mama Winny, ukaishi miaka mingi yenye afya na wajukuu watukutu. Michongoma ya ua wako iache iote inavyotaka. Atakayekuja kukusifia kwamba imesawazika, mfungie lango.